Aliyemo Ndani ya Bibi Kalunguyeye

Preben Lauridsen akikuomba chumvi mezani, utadhani anakuambia nyumba inaungua. Mzee wa watu hana ubaya hata chembe. Ni kiwanda cha mbao: misumeno ilimpigia kelele masikioni tangu hajaota ndevu, mpaka masikio yakachoka, na mtu asiyejisikia hupaza sauti. Mkewe Inger alipokuwa hai alikuwa akimgusa mkono kidogo tu, na Preben anashuka kama redio iliyopunguzwa. Inger alipofariki hakubaki wa kumgusa mkono. Kijijini kwetu huku Jutland watu walishamzoea. Mbwa walishamzoea. Aliyekataa katakata kumzoea ni mjukuu wake Tilde, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza.

Kila Jumapili kilikuwa kisa kilekile. Preben anafika kwa binti yake Rikke kunywa kahawa, anavua viatu mlangoni, anafungua mikono yote miwili na kutangaza kwamba babu amefika, na jirani wa nyumba ya tatu anajua babu amefika. Tilde anapiga ukelele, mbio mpaka chini ya meza, nyonyo ikimtetemeka mdomoni. Nyonyo, yaani ile chuchu ya mpira watoto wanayonyonya mchana kutwa bila kupata tone la maziwa. Basi mzee anakunywa kahawa yake upande huu wa chumba, mjukuu yuko upande ule, na katikati yao anatambaa Bertil mdogo, ambaye bado alikuwa mtu wa kutapikia kila mmoja bila ubaguzi.

"ATANIZOEA," Preben alikuwa akisema. "MTOTO NI MTOTO. ATANIZOEA TU."

Na kutoka chini ya meza kilio kinaanza upya.

Rikke hakuwa na ndugu. Baba yake hakuwa na wajukuu wengine wala mtu mwingine wa kwenda kumwona Jumapili. Kila alipomtazama kutoka dirishani akirudi kwenye gari lake, mabega yamemshuka, roho ilimuuma. Alijua kitu kimoja tu: mambo yakiendelea hivi, ipo siku mzee atatoa udhuru, mara gari bovu, mara mafua, halafu hatakuja tena. Mjukuu atakua bila babu, na babu anaishi mwendo wa baiskeli kutoka hapo.

Sasa sikia ajabu ya Mungu. Mtoto huyohuyo alikuwa na mpenzi wake mmoja duniani, anayemwota na kumwimba na kulala na mwanasesere wake, na mpenzi huyo alikuwa babu huyohuyo.

Usinikodolee macho, nakueleza. Preben alipoacha mbao alipata kibarua katika bustani ya michezo ya Ravnlund, kutengeneza mabenchi na uzio. Pale Ravnlund kuna farasi wa kuzunguka, kuna kigari cha moshi kinachopita msituni, lakini watoto wadogo wote wanaenda kwa sababu ya Bibi Kalunguyeye: mkubwa kama kabati, miiba ya kitambaa mgongoni, aproni ya maua, miwani puani. Mama aliyekuwa akilivaa vazi lile alipata maumivu ya mgongo asubuhi moja, nje watoto wamejaa, na vazi lenyewe zito. Wafanyakazi wakatazamana. Mmoja akasema, "Preben, wewe mgongo unao. Leo tu."

Hiyo "leo tu" haijaisha mpaka sasa. Wenzake wa zamani wa kiwandani waliposikia walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa. "Preben, tumesikia umekuwa bibi," wakamwambia. "Harusi lini?"

"POSENI KWANZA, MASKINI NYIE," Preben akawajibu. "MAHARI YANGU HAMUIWEZI."

Na Bibi Kalunguyeye hana kazi ya kupunga mkono tu. Kwetu mtoto akifika umri wa kuachana na nyonyo, hanyang'anywi. Anapelekwa kwenye mti, anaifunga kwa utepe na kuitundika mwenyewe kati ya nyonyo za wenzake, na siku nyingine akipita hapo anaisalimia. Mti wa Ravnlund una mlinzi, naye ni Bibi Kalunguyeye. Mtoto anamkabidhi yeye, mkononi. Na Bibi hasemi. Wahusika wa pale hawasemi kamwe, wala hawavui kichwa mbele ya mtoto, hata mvua ya mawe inyeshe. Ndiyo maana Preben aliiweza kazi ile. Ndani ya vazi, sauti yake haimtishi mtu.

Tilde alipokubali kwamba nyonyo zake atampa Bibi Kalunguyeye, Rikke aliona mlango umefunguka. Akamfuata baba yake garini, maana siri hiyo haikuweza kuzungumzwa nyumbani kwa sauti ile. Waliiongea madirisha yamefungwa.

"Baba, tukija Jumamosi, vua kichwa. Mara moja tu, nyuma ya kibanda, hakuna atakayeona. Tilde ajue ni wewe."

"HAPANA."

"Kwa nini lakini?"

"ATAMPOTEZA BIBI KALUNGUYEYE."

"Baba, huyo ni sponji na kitambaa!"

"KWAKO WEWE."

"Yaani unaona afadhali mjukuu wako apende sponji kuliko akupende wewe?"

Preben alishika usukani, gari lenyewe limezimwa. "NAONA AFADHALI APENDE," akasema. "AKIJUA NI MIMI, RIKKE, HATANIPENDA MIMI. ATAMWOGOPA NA YULE."

Rikke alishuka akabamiza mlango wa gari. Mzee mkaidi! Akajiambia moyoni, haya, wewe huna mdomo ndani ya vazi lako, mimi ninao. Siku ikifika nitasema mwenyewe, palepale kwenye mti, na liwalo na liwe.

Jumamosi ilikuja na manyunyu, ya kulowesha bila kumfukuza mtu. Rikke aliwaweka watoto katika kigari cha kuvuta, na makoti yao ya mvua na mikate myeusi yenye maini ya kusaga. Tilde alikuwa na viatu vyekundu vya mpira na nyonyo mbili mfukoni: ya njano ya mchana na ya buluu ya kulalia. Njia nzima alikuwa akizipapasa. Hakutaka farasi, hakutaka kigari cha moshi. "Bibi kwanza," alisema, na mtoto wa umri ule akisema kwanza, ni kwanza.

Kwenye mti kulikuwa na foleni. Aliyeisimamia ni Jytte, mwanamke wa makamo mwenye koti la njano na ulimi wa upanga. Ndiye macho na masikio ya Preben, kwa sababu ndani ya kichwa kile mtu haoni magoti yake, na Preben mwenyewe hata bila kichwa hasikii mnong'ono. Jytte humwongoza, na wakati wa mapumziko humsimulia kila walichosema watoto. Alimwona Rikke akamkonyeza, lakini hakumsogeza mbele. "Foleni ni foleni," akasema, "hata kwa wajukuu wa mfalme."

Na hapo ndipo Rikke alipomwona baba yake akiwa kazini kwa mara ya kwanza. Amini usiamini, hakuwahi. Siku zote alikuwa na zamu, au mimba, au mtoto mchanga, na Tilde naye alikuwa akimjua Bibi kwa nyimbo na mwanasesere tu.

Mbele yao alikuwapo mvulana mdogo aliyekauka kwa woga. Baba mtu anamsukuma kwa goti, simu mkononi: "Nenda bwana, mkumbatie, cheka, tazama huku!" Sijui wazazi wa siku hizi tumerogwa na nani. Picha kwanza, mtoto baadaye. Bibi Kalunguyeye hakumsogelea mtoto hata inchi. Aligeuka ubavu, akajishusha mpaka chini, chini kabisa kwenye majani yenye maji, na vazi lote lile, akatoa jani moja kwenye aproni yake. Akalitazama juu, akalitazama chini. Mvulana naye akatazama. Bibi akaliweka jani nyasini, mbali kidogo na yeye, akarudi kutazama pembeni kama asiye na habari. Baba mtu akafungua mdomo kusema jambo, Jytte akamkata jicho, akaufunga. Mtoto akasogea. Akachukua jani. Dakika moja baadaye alikuwa amekaa kwenye paja la Bibi Kalunguyeye akimweleza habari za trekta la mjomba wake.

Akafuata msichana mwenye nywele za rangi ya kitani. Akatoa nyonyo yake, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi, akainyakua. Akaiweka tena, akainyakua tena. Kiganja kile hakikufumbwa, hakikuondoka, hakikuonyesha kuchoka. Watu nyuma wakaanza kuguna.

"Mwenye haraka aende stesheni," Jytte akasema bila kugeuka. "Huko treni zinaondoka."

Mwishowe msichana aliirudisha nyonyo mdomoni na kuondoka nayo. Bibi Kalunguyeye akamwinamia kwa heshima ileile aliyowapa waliotoa. Mama wa mtoto alitaka kuomba radhi akakosa wa kumwomba.

Rikke alipigwa na butwaa. Huyu ndiye Baba? Huyu ambaye akipita sebuleni vikombe vinagongana? Alijua baba yake ni mtu mwema. Hilo alilijua tangu utoto. Hakujua kama ni fundi. Alimwona mtoto mmoja akimpiga Bibi ngumi ya pua, na Bibi akaanguka chali polepole, miguu juu, mpaka foleni nzima ikashika mbavu, na yule mpigaji akaenda kumbusu pale alipompiga. Rikke alicheka na wengine. Akataka kuwaambia wote, watu wote wenye makoti ya mvua pale, kwamba yule ni baba yangu. Yule ni wangu! Na aliyestahili kulijua kuliko wote alikuwa amesimama mbele yake na viatu vyekundu, hajui.

Zamu yao ikafika. Tilde hakushikwa mkono. Alikwenda peke yake, amekaza shingo, na Rikke nyuma yake na Bertil kiunoni. Bibi Kalunguyeye alikuwa akifuta miwani yake kwa aproni. Alipoviona vile viatu vyekundu, mkono ukasimama. Hakuna mwingine aliyeona. Rikke aliona.

Tilde akamkumbatia tumbo, uso ukazama wote ndani ya kitambaa. Mikono mikubwa ya Bibi ikabaki hewani kidogo, haijui iende wapi, halafu ikashuka juu ya kile kimgongo taratibu sana. Ilikuwa mara ya kwanza babu kumshika mjukuu wake asilie.

Sasa, Rikke akajiambia. Sasa hivi. "Tilde, mama," akaanza, "unajua huyu ni nani?"

Kichwa cha Bibi Kalunguyeye kiliinuka. Mdomo wa Rikke ameuona, hata kama sauti hakuisikia. Mkono mmoja ukatoka mgongoni kwa mtoto ukanyooka kumwelekea Rikke, kiganja wazi. Hakuwa akimwamuru. Alikuwa akimwomba.

"Ni nani?" Tilde akauliza.

"Ni Bibi Kalunguyeye," Rikke akasema.

"Najua," Tilde akamjibu kwa kumhurumia mama asiyejua mambo. "Nyamaza, Mama."

Akatoa nyonyo ya njano. Akaibusu, akaiweka kwenye kiganja, na mkono wake haukurudi kuifuata. Bibi akaifunga utepe, akaitundika kwenye tawi la chini, mahali ambapo mtoto wa kimo kile anaweza kuifikia kuisalimia. Watu wakapiga makofi. Bertil naye akapiga, kwa sababu wengine wanapiga.

Lakini Tilde hakuondoka. Alitia mkono mfukoni akatoa ile ya buluu, ya kulalia. Akapanda juu ya viatu vya Bibi ili afike kwenye sikio kubwa la kitambaa, na akanong'ona, mnong'ono wa watoto ambao husikika mpaka barabarani.

"Hii ya babu yangu. Babu analia sana. Kila siku akija analia. Hana nyonyo." Akafikiri kidogo. "Umpe."

Jytte aligeuka akawa anatazama mti kwa bidii. Rikke alisimama pale, Bertil akimvuta nywele, na hakuhisi. Miezi yote ile chini ya meza! Alidhani mtoto anamwogopa mtu mkali. Kumbe mtoto alikuwa akimwona mtu mzima mwenye ndevu analia kwa sauti yote aliyopewa, na watu wote wamekaa wanakunywa kahawa, hakuna anayembembeleza. Nani asingekimbilia chini ya meza?

Bibi Kalunguyeye alikuwa ameipokea nyonyo ya buluu, akisubiri kuona kama itafungwa utepe. Tilde akatikisa kichwa: si ya mti. Akaisukuma kwenye mfuko wa aproni kwa vidole vyake viwili na kuupigapiga mfuko. Bibi naye akaupigapiga. Ni wazi hakuwa amesikia neno.

Jytte alimfuata Rikke kwenye kigari. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kazi yangu ni kumwambia wanayosema. Yote." Kwa mara ya kwanza ulimi ule ulikuwa mzito. "Hili nalo nimwambie? Ukisema nisimwambie, nitamwambia mtoto amemwachia zawadi, basi. Mzee ana moyo wake, Rikke. Akisikia kwamba akiongea mjukuu anadhani analia..."

Rikke alimtazama baba yake kule chini ya mti, tayari amekaa kwenye majani mengine, anamsubiri mtoto mwingine. Alimwogopea. Mtu anaweza kusikia neno kama hilo akafunga mdomo wake milele, na Jumapili akabaki kwake.

"Mwambie," akasema. "Yote. Na la kulia usilipunguze."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Tilde alilia kila jioni wakati wa kulala, halafu akalia kidogo, halafu akalala. Rikke alishika simu mara nyingi na kuiweka. Angemwambia nini? Na Preben hakupiga, wakati kwa kawaida hupiga katikati ya wiki kuuliza kama alete mkate au keki, na simu unaishika mbali na sikio. Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumapili Rikke alitandika meza, akaweka kikombe cha baba yake, akakiondoa, akakirudisha.

Saa ya kahawa ikapita.

Kisha kitasa kikazunguka. Hakuna hodi wala tangazo. Preben alikuwa mlangoni, viatu mkononi, soksi nene miguuni, ndevu zimechanwa vizuri. Na katikati ya ndevu zile, mdomoni, ilikuwa nyonyo ya buluu.

Rikke aliweka mkono mdomoni ili asicheke, kisha akaubakiza hapo kwa sababu nyingine.

Tilde alikuwa ameshakimbia. Kutoka chini ya meza alisubiri kile kinachokuja siku zote. Hakikuja. Preben aliweka viatu chini pasipo kishindo, akaenda ukutani, akajishusha sakafuni akiwa amegeuka ubavu, miguu imenyooka, akawa anatazama dirishani na kunyonya. Magoti ya mtu wa umri ule hayapendi sakafu, lakini hakuguna. Bertil alimtambalia, akamvuta soksi, akaenda zake. Kahawa ikapoa. Rikke hakuthubutu kusogeza kiti.

Kichwa kikatoka chini ya meza. Kikarudi. Kikatoka tena, na mabega.

"Bibi Kalunguyeye amekupa?"

Preben alikuwa hajasikia, ila aliona midomo. Akaitikia kwa kichwa.

"Umenyamaza?"

Akaitikia tena. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyafuta, asije akamtisha kwa kunyanyua mkono. Tilde akatoka mzima. Akaja kwa hatua zake za kupimapima, akasimama mbele yake, wamekuwa kimo kimoja, akamgusa ndevu. Akamgusa shavu. Akakuta limelowa, akalipangusa kwa kiganja chake kidogo kama anavyopanguswa yeye, akampigapiga bega.

"Basi, babu. Basi. Yameisha."

Halafu akaichomoa nyonyo, akaifuta kwenye gauni lake, akaitia mfukoni kwa babu kwa ajili ya baadaye. Akasubiri. Mzee akamtazama binti yake kwa hofu, kwa sababu sasa alitakiwa kusema na hakuwa na kipimo cha sauti yake. Maisha yake yote kipimo kilikuwa kwa wengine. Rikke akainua kiganja hewani akakishusha. Shusha. Shusha tena. Tena, Baba.

Preben akafungua mdomo. "Nikubebe?" akasema, kwa pumzi tupu. Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Akageuka kwa Rikke kuuliza kama sauti imetoka au haikutoka, na Tilde alikuwa ameshainua mikono.